Kiranja Mwaminifu na Printa ya Maabara

Kila Jumamosi Chiriku alishinda kazini kwa mama yake. Mama alikuwa mhudumu wa mapokezi katika kituo cha afya, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, walifuatana asubuhi na mapema, mmoja amebeba mkoba na mwingine amebeba maneno. Chiriku hakuwa jina lake la kuzaliwa. Alipachikwa na baba yake mdogo, kwa sababu tangu siku alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Jina likamganda, hata walimu wakalizoea kuliko lile la kwenye daftari la mahudhurio.

Kituoni alikuwa na kazi yake, na aliipenda. Mama alikata karatasi chakavu kuwa vipande vidogo, akaandika namba juu ya kila kipande, na Chiriku akawagawia wagonjwa kadiri walivyofika. "Shikamoo bibi, namba yako hii hapa. Shikamoo baba, kaa pale, utaitwa." Mtu akijaribu kupenya mbele, Chiriku alimkazia macho na kusema, "Samahani, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuingia." Watu walicheka wakarudi nyuma. Lo, mtoto wa darasa la sita na mamlaka yote hayo!

Jumamosi hiyo, hata hivyo, kichwa chake kilikuwa shuleni. Jumatatu ungefanyika uchaguzi wa kiranja mkuu wa shule, na yeye alikuwa mgombea. Mpinzani wake, kijana mmoja mrefu wa miguu mwenye sauti nzito, tayari alikuwa amebandika mabango kwenye milango ya madarasa yote. Ya kuandika kwa kalamu, lakini mabango. Chiriku hakuwa na hata moja.

"Mama, nitumie kompyuta yako wakati wa chakula?" aliomba. "Nataka kuandika hotuba yangu."

"Andika," alisema mama, akifunga dirisha la mapokezi. "Lakini sikiliza vizuri. Usichapishe kitu. Karatasi za hapa ni za wagonjwa, na zilizobaki ni rimu moja tu mpaka mwisho wa mwezi. Na chumba cha daktari, unajua mwenyewe."

"Najua, mama. Hakiingiliki."

Mama akaenda zake nyuma kula na wenzake. Daktari alikuwa wodi ya wazazi tangu asubuhi, akihangaika na mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa muda mrefu. Mtaalamu wa maabara, ambaye watoto wote walimwita Mjomba Hadubini kwa sababu jicho lake halikubanduka kwenye hadubini, alikuwa amefunga mlango wake kwa kufuli na kufuata ugali wake. Korido ilikuwa kimya; wagonjwa waliobaki walisinzia kwenye benchi.

Hotuba Chiriku aliiandika kweli, mistari miwili. Halafu mikono ikaanza kuwasha. Alichomeka flashi yake yenye picha aliyopigwa shuleni, akaiweka katikati ya ukurasa, akaikuza mpaka meno yakaonekana yote, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MCHAGUE CHIRIKU. Chini akafikiri kidogo. Mchapakazi? Hapana, yule mrefu ameshalichukua. Hodari? Hilo kila mtu husema. Akaandika: KIRANJA MWAMINIFU.

Aliliangalia bango lake akalipenda hadi basi. Nakala thelathini tu, alijiambia. Rimu nzima ina karatasi ngapi? Hawatajua hata kidogo. Akabonyeza.

Kimya. Kituo kizima kilikuwa na printa moja, nayo ilikaa maabara, ikiwa imeunganishwa kwa waya na kompyuta zote; Chiriku alipanga kuzichukua nakala zake mara mlango utakapofunguliwa. Chiriku aliweka sikio kwenye mlango wa maabara. Hakusikia hata mkwaruzo. Asichokijua ni kwamba printa ilikuwa imeishiwa karatasi kabla ya chakula, na Mjomba Hadubini, kwa njaa aliyokuwa nayo, alisema ataijaza akirudi.

"Kompyuta ya mama ni mbovu," Chiriku alijisemea. "Ya daktari ni mpya."

Hapo ndipo angeweza kuacha. Lakini kiherehere kikimpanda mtu, masikio huziba. Alichomoa flashi, akanyata mpaka mlango wa daktari, akasukuma taratibu. Haukufungwa. Ndani mlinukia dawa ya kusafishia mikono, na kompyuta ilikuwa wazi, kwa maana daktari alikuwa ameitwa mbiombio. Chiriku aliketi kwenye ukingo wa kiti kikubwa kana kwamba kina moto. Mahali pa idadi ya nakala akabonyeza tatu, kisha sifuri. Sifuri haikutokea. Akabonyeza tena. Haikutokea. Akabonyeza tena na tena, na mara akasikia kandambili za mama zikija kwenye korido. Aligonga kitufe cha kuchapisha bila kutazama, akachomoa flashi, na kuwahi kurudi kwenye kiti cha mapokezi.

"Hotuba imeisha?" aliuliza mama.

"Karibu," alisema Chiriku.

Alasiri ilianza kwa haraka. Bibi mmoja aliyejifunga khanga kiunoni alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, amemlaza mjukuu wake mapajani. Mtoto alikuwa wa darasa la kwanza, mwembamba, mdomo umempauka. Daktari alikuwa amemwona kabla ya kuitwa wodini, akasema damu imepungua sana na kwamba lazima aongezewe hospitali kuu siku hiyohiyo. Barua ya rufaa ilishaandikwa na kutiwa sahihi. Yalisubiriwa majibu ya maabara tu, na gari la wagonjwa lilikuwa tayari uani, injini inanguruma.

Mjomba Hadubini alirudi, akamaliza kupima, akaingiza majibu kwenye kompyuta yake na kubonyeza. Kisha akafungua rimu ya karatasi na kuijaza printa.

Printa ikaamka. *Krrr, tak. Krrr, tak.* Mjomba Hadubini alinyoosha mkono kupokea majibu ya mtoto, akakuta meno.

"Ala! Ni nini hii?"

Ukatoka ukurasa mwingine. Mwingine. Mwingine tena. MCHAGUE CHIRIKU, MCHAGUE CHIRIKU, KIRANJA MWAMINIFU, KIRANJA MWAMINIFU. Karatasi zikajaa kwenye trei, zikaanza kuteleza na kutawanyika sakafuni, kila moja na tabasamu lake.

"Mama Chiriku!" aliita kwa sauti. "Hebu njoo umwone mwanao!"

Mama alifika mbio. Chiriku alimfuata. Alipoona sura yake imetapakaa maabara nzima, chini ya meza, kwenye sinki, hadi mlangoni walikosimama wagonjwa, alitamani sakafu ipasuke immeze. Watu kwenye benchi walianza kunong'ona na kucheka. Mama hakucheka. Alimgeukia taratibu.

"Nilikuambia nini mimi?"

"Nilichapisha kidogo tu, mama. Kwenye kompyuta yako. Nisamehe."

Mjomba Hadubini alizima printa, akahesabu pumzi, akaiwasha. *Krrr, tak.* Meno yakaendelea pale yalipoachia.

"Kuzima hakusaidii," alisema, jasho jembamba likimtoka. "Kazi yenyewe haimo ndani ya printa, imo kwenye kompyuta iliyoituma. Hii hapa inatii tu. Ni kama foleni ya namba zako, Chiriku. Ya kwako ilitangulia, basi majibu ya mtoto yamekaa nyuma yanasubiri. Mpaka tufute ya kwako kule ilikotoka."

Mama alirudi mbio mapokezi, akafungua orodha ya kazi zinazosubiri, akaiona ile ya nakala thelathini, akaifuta. Printa ikanyamaza. Wote watatu wakashusha pumzi, na bibi kwenye benchi akaanza kumwinua mjukuu wake.

*Krrr, tak.*

MCHAGUE CHIRIKU.

Jamani, ule mlio! Chiriku alijua mara moja unatoka wapi. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeikamata flashi mpaka inamuuma.

Dereva wa gari la wagonjwa alichungulia dirishani. "Wazee, tunaondoka au hatuondoki? Kuna mama mwingine ndani ya gari anaugulia."

"Dakika moja," alisema Mjomba Hadubini.

"Si useme nimchukue mtoto hivihivi?"

"Bila majibu watampima upya kule, na mwisho wa wiki mpaka wapime ni kesho. Mtoto huyu hana kesho ya kuchezea. Na ya kuandika kwa mkono hawapokei, walishaturudishia watu." Aliipigia simu namba ya fundi wa kompyuta, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Printa haina wazimu," ilisema sauti ya fundi. "Kuna kompyuta nyingine inaituma. Tafuteni ni ipi."

Mjomba Hadubini aliangalia ya kwake. Safi, ila majibu ya mtoto tu yanayosubiri. Ya mapokezi ilikuwa safi. "Ya daktari je?" aliuliza, akimtazama Chiriku kwa pembe ya jicho.

Mama naye akamtazama. "Chiriku. Umegusa kompyuta nyingine yoyote?"

Hapa, msomaji wangu, palikuwa pa kusema. Msichana aliyeweza kuongea na mwalimu mkuu, na muuza duka, na ukuta ukikosekana mtu, alifungua mdomo, na neno likatoka moja tu.

"Hapana."

"Basi," alisema mama, akasimama wima. "Mwanangu mtundu, sikatai. Ameharibu karatasi, na nitashughulika naye nyumbani. Lakini akisema hapana, ni hapana. Chumba cha daktari anajua hakiingiliki, nasi pia hatuingii mwenyewe asipokuwepo. Printa hiyo ni mbovu."

Chiriku angependelea kofi. Kofi lingeuma likapoa. Lakini maneno yale ya mama, tena mbele za watu, yalimwingia akakosa pa kutazama. Akainamisha kichwa, na huko chini pia akajikuta, anajichekea sakafuni.

Mjomba Hadubini alichomoa waya, akachomeka waya. Akatoa karatasi, akarudisha karatasi. Akatafuta bisibisi kwenye droo. Rimu ilikuwa inayeyuka machoni pa watu. Dereva alipiga honi.

Bibi aliona bora asogee karibu. Alimkalisha mjukuu wake kwenye kiti kilichokuwa mlangoni mwa maabara, akamfuta uso kwa pindo la khanga. Mtoto aliinama polepole, akaokota karatasi moja. Inaonekana kusoma kulikuwa kugeni kwake, tena kutamu, maana hata katika hali ile alifuata herufi kwa kidole.

"Ki-ra-nja," alisoma kwa sauti ndogo. "Mwa-mi-ni-fu." Akainua macho mekundu. "Dada, si ndiye wewe huyu? Ninakuona shuleni. Unapiga kengele."

"Ndiye mimi," alisema Chiriku.

"Bibi, nikipona nitampigia kura dada."

"Utampigia, mume wangu," alisema bibi kwa utani wa mabibi. "Kwanza upone."

Chiriku alihisi machozi yanamchoma. Mtoto yule alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwenye printa, anangoja kipande kimoja cha karatasi, na kilichomzuia kilikuwa mikononi mwake mwenyewe, kimeandikwa mwaminifu.

Akatoa mkono mfukoni. Flashi ilikuwa imelowa jasho.

"Mama," alisema. "Ya daktari pia."

"Unasemaje?"

"Niliingia chumbani kwa daktari. Nilichomeka flashi yangu. Nilibonyeza sifuri nyingi, sijui ngapi. Nilipokuambia hapana, nilikudanganya."

Watu kwenye benchi waliacha kunong'ona. Uso wa mama ulibadilika, si kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ulimshuka tu, kama mtu aliyesimama mbele za watu akakuta ameachwa peke yake. Alimpita Chiriku, akaelekea korido, akasukuma mlango wa daktari. Chiriku alibaki ameshika flashi, hajui aiweke wapi.

Sauti ya mama ikasikika kutoka kule ndani. "Nakala elfu tatu!"

"Mungu wangu," alisema Mjomba Hadubini.

"Nafuta... Imefutika. Hebu angalieni!"

Printa ilimalizia meno iliyokuwa imeshayaanza. Ikanyamaza. Ikavuta pumzi yake ya kichuma. *Krrr, tak*, na ukatoka ukurasa mweupe wenye mistari midogo na jina la mtoto juu. Mjomba Hadubini aliudaka kabla haujagusa trei, akaupiga muhuri, akatia sahihi na kutoka nao mbio uani, koti jeupe linapepea. Dereva alimbeba mtoto. Bibi alifuata, viatu mkononi ili akimbie vizuri. Gari likaondoka likipiga king'ora.

Chiriku alichukua ufagio bila kuambiwa. Alizikusanya karatasi moja moja, kutoka chini ya meza, nyuma ya friji ya maabara, hadi kwenye korido zilikopeperukia zingine. Kila aliyoiokota ilimtazama. Wagonjwa walimpisha miguu wakakaa kimya, na kimya kile kilimwaibisha kuliko kicheko cha mwanzo. Mama alirudi dirishani kwake, akaendelea kuita namba kwa sauti ileile ya kazi. Hakumwangalia.

Jioni daktari alitoka wodini, amechoka lakini anatabasamu, maana mama wa wodini alikuwa amejifungua salama. Mama Chiriku alifungua mdomo, lakini Chiriku akawahi.

"Shikamoo daktari. Leo niliingia chumbani kwako bila ruhusa nikatumia kompyuta yako." Akaeleza yote, mpaka ile hapana. Hakuruka kitu.

Tabasamu la daktari lilipotea. "Mle ndani mna siri za watu," alisema. "Mtu huniambia ugonjwa wake kwa kuamini hakuna mwingine atakayejua. Umesoma chochote?"

"Hapana." Kisha akaona jinsi neno hilo lilivyokuwa limechakaa siku hiyo, hata akisema kweli. "Sina namna ya kukufanya uamini," aliongeza kwa sauti ya chini. "Lakini sikusoma."

Daktari alirudi kuufunga mlango wa chumba chake. "Nami nina kosa. Niliacha mlango wazi na kompyuta wazi, na kuanzia leo sitaacha. Wewe, karatasi hizo zina upande mmoja mweupe. Kila Jumamosi utakaa hapa uzikate ziwe namba za foleni, mpaka ziishe zote."

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Chiriku alikaa kwenye kibao nyuma ya dirisha la mapokezi na mkasi, akikata sura yake vipande vipande. Hapa jicho, pale nusu ya tabasamu. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa kwa wiki moja kwa sababu mwalimu mkuu alisafiri. Wagonjwa walipokea namba zao, wakageuza upande wa pili, wakakuta KIRANJA au MWAMI au meno mawili, wakamtazama yeye. Kila mara masikio yalimchoma.

Katikati ya asubuhi bibi wa khanga aliingia. Hakuwa amekuja kutibiwa. Alikuja kusema kwamba mjukuu ameongezewa damu, anakula, na anawasumbua wauguzi kwa maswali.

"Daktari wa kule alituambia tungechelewa kidogo tu tungejuta," alisema. "Na ile karatasi yako mwanangu, aliondoka nayo siku ile. Ameibandika ukutani juu ya kitanda. Kila muuguzi akipita anamsomea."

Chiriku aliinamisha kichwa juu ya mkasi. Bibi alipoondoka, machozi yalidondoka kwenye karatasi.

"Mama, nataka kujitoa kwenye uchaguzi. Au nigombee, lakini neno lile nilifute. Si langu."

Wiki nzima mama alikuwa akiongea naye mambo ya sabuni na vyombo tu. Sasa aliweka kalamu chini, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Siku ile ulipokiri kuhusu kompyuta yangu, ulidhani umesema kweli," alisema. "Ulisema nusu. Tukafuta nusu, na printa ikaendelea, na mtoto wa watu akaendelea kungoja. Ukisema kweli nusu, mwanangu, matatizo hayakomi, yanabadilisha tu chumba yanakotokea. Na watu wanaokupenda watayatafuta mahali pasipo, kama nilivyosema mimi printa ni mbovu."

"Ulinitetea mbele za watu, mama."

"Nilikutetea. Niliona aibu, sikufichi. Lakini ulisema wakati ambapo hakuna aliyekulazimisha, na wakati bado kulikuwa na kitu cha kuokoa. Hilo nalo nililiona." Alichukua kipande kimoja kutoka kwenye mapaja ya Chiriku, akakigeuza. Kilikuwa kimebaki na neno MWAMINIFU zima, halikukatwa. "Kwa hiyo usilifute. Lipo juu ya kitanda cha mtoto, limeshasomwa. Lifanyie kazi."

Akaandika namba upande mweupe, akamrudishia. Mlangoni palikuwa na mgonjwa amesimama, anangoja.

"Shikamoo baba," alisema Chiriku, akijifuta uso kwa kiganja. "Namba yako hii hapa."